Nani alileta nungu Diani?

Kuna watu huko Ujerumani na Marekani wanaofuga matumbawe sebuleni. Si samaki peke yake, la, matumbawe yenyewe, yakiwa hai, ndani ya tangi la kioo lenye taa za bei kali, pampu, na maji ya chumvi wanayochanganya wenyewe kwa ndoo. Na kinachowanyima usingizi ni wadudu. Yuko mnyoo bapa anayekula matumbawe ya matawi. Mwili wake ni mwembamba na rangi yake inafanana na tumbawe lenyewe, kiasi kwamba unaweza kumkodolea macho na usimwone. Unachoona ni alama za meza aliyoandaliwa: vidoa vyeupe vya duara palipotafunwa, halafu rangi inafifia, halafu tawi zima linabaki mfupa.

Wenzetu hawa wana utaratibu wa matibabu. Tumbawe jipya haliingii tangini siku lilipofika. Linachovywa kwenye maji yenye iodini au dawa nyingine, linapulizwa kwa bomba dogo mpaka minyoo idondoke, mayai yanakwanguliwa, kisha linatengwa wiki kadhaa kwenye tangi lingine. Kwa nini wiki kadhaa? Kwa sababu dawa inaua mnyoo lakini haiui mayai. Ukifurahi mapema, umeumia. Na yuko anemoni mdogo wa kahawia ambaye ukimkata kwa kisu, vipande vinavyobaki kwenye jiwe vinaota upya. Ulikuwa na mmoja, sasa una watano.

Lakini kuna jambo moja kuhusu yule mnyoo ambalo ndilo limenifanya niandike posti hii. Wanasayansi walimpa jina mwaka 2011, na walimpata wapi? Kwenye tangi. Wafugaji walikuwa wanamjua na kumlaani kabla hajawahi kuonekana baharini. Baadaye ndipo alipopatikana kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, tena kwa kutafutwa. Baharini yupo, ila haleti balaa. Baharini kuna samaki wadogo na kamba wanaomdonoa usiku na mchana. Kwenye tangi hawapo, kwa hiyo yeye ndiye bosi.

Sasa shika hilo, tuje nyumbani.

Ukitoka Ukunda ukashuka Diani siku za bamvua, maji yakikauka, unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba. Na ukitembea lazima uvae viatu, manake utakutana na nungu wa bahari, wale wa miiba, wamejipanga kwenye mashimo ya mawe kama abiria kwenye matatu ya jioni. Wengi wetu tumezaliwa tukawakuta. Tukadhani ndivyo bahari ilivyo. Ukimuuliza kijana wa leo mdudu wa matumbawe ya Diani ni nani, atakuonyesha nungu. Na hajakosea. Nungu wengi kupita kiasi ni balaa. Ana meno matano magumu yanayokwangua mwani kwenye jiwe, na akikwangua anaondoka na jiwe lenyewe. Tumbawe changa lililoshika jana linakwanguliwa pamoja na mwani. Mwamba unatafunwa haraka kuliko unavyojijenga.

Swali langu ni jingine. Nani alimleta?

Hapa ndipo historia inapotusaidia, na bahati nzuri historia hii imeandikwa, tena imeandikwa kuhusu Diani yetu hii hii. Mwaka 1971, mwanasayansi Mkenya aitwaye C.P.M. Khamala alichapisha utafiti wake kuhusu nungu wa ufuo wa Diani, yule mdogo anayeitwa kisayansi Echinometra mathaei. Alihesabu, akaeleza wanakaa wapi, wanaishi vipi. Wakati ule huenda mtu angeuliza: kuna faida gani kuhesabu miiba?

Faida ilikuja miaka kama 15 baadaye. Nyawira Muthiga, Mkenya mwingine, na mwenzake Mmarekani Tim McClanahan walihesabu tena nungu wa Diani miaka ya 1980. Mwaka 1987 walichapisha walichokuta: nungu wale wale walikuwa wameongezeka kama mara tano. Mara tano! Kama Khamala hangehesabu, leo tungekuwa tunabishana tu, huyu anasema walikuwepo zamani, huyu anasema wameletwa na meli.

Hawakuletwa na meli. Walikuwepo. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa anawala.

Wale watafiti walifanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Walichukua nungu hai, wakawafunga kwa uzi wa mshipi, wakawaacha kwenye mwamba, halafu wakarudi kuangalia nani kaliwa na nani kabaki. Kwenye hifadhi za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, nungu waliliwa haraka. Kwenye miamba iliyovuliwa sana kama Diani, wengi walikutwa salama, wametulia. Na mlaji mkuu alijulikana: kikande, hasa yule wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Mdomo wake mgumu, meno kama koleo. Anamwendea nungu, anamgeuza, anampasua.

Tatizo la kikande ni kwamba hana ujanja mbele ya chambo. Ni jasiri, ana njaa, anaingia kwenye lema bila kupiga hodi. Ukianza kuvua sana mahali, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuisha. Na akiisha, nungu wanabaki bila polisi. Nungu naye ana sifa moja mbaya: anaweza kuishi kwa chakula kidogo sana. Pono na tafi wanahitaji mwani wa kutosha kila siku. Nungu anavumilia. Kwa hiyo akishazidi, anamaliza mwani, pono na tafi wanakosa riziki, na mvuvi anarudi na kapu jepesi. Kwa maneno mengine, nungu anashindana na mvuvi wa Diani kwa chakula kile kile, kupitia tumbo la tafi.

Sasa usinielewe vibaya ukaanza kuwalaumu wazee wetu. Tuangalie nini kilikuwa kinatokea nchi kavu miaka ile. Hoteli za Diani zilishamiri miaka ya 1960 na 1970. Watalii wanataka samaki, mji unakua, mama karanga wanataka samaki wa kukaanga, Mombasa inataka samaki. Viwanja vya mbele ya bahari vikawa vya wenye nacho. Njia za kushukia baharini zikazibwa moja moja kwa kuta. Mdigo ambaye babu yake alikuwa na shamba na bahari akabaki na bahari peke yake. Kijana asiye na mtumbwi anafanya nini? Anaingia kwenye kikosi cha juya, anavuta kamba na wenzake, anapata mgawo wake wa siku. Juya lile linaburura chini, linaondoka na mkubwa na mdogo, na linavunja matumbawe. Lakini ndio kazi iliyokuwepo.

Na wazee hawakukaa kimya. Pwani yetu ya kusini ilikuwa na utaratibu wake: mahali pa mizimu, sadaka, sehemu na nyakati za kutovua, na wazee wa bandari waliokuwa na sauti. Pale Mvuleni na Mwanyaza, hapa hapa Diani, wavuvi walikataa juya kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba wavuvi wa bandari hizo walikuwa wanapata zaidi kwa kila mtu kuliko majirani wao wanaovuta juya. Hiyo si ngano ya bibi, ni hesabu ya kilo.

Basi ikafika 1995. Serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale. Kwenye ramani ilipendeza sana. Kwenye mchanga, wavuvi waliikataa katakata. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wameona. Walikuwa wameona ardhi ya ufuoni inavyokwenda, na walikuwa wameona wenzao wa Mombasa wanavyopoteza sehemu za kuvulia baada ya hifadhi ya huko kutangazwa 1986. Mtu aliyenyang'anywa shamba ukimwambia "nataka kulinda bahari yako", atakuuliza unailinda kwa ajili ya nani. Hifadhi ikabaki ya karatasi, na kikande hasomi karatasi.

Hapa watu wa mazingira wanapenda kusema wavuvi walikuwa wajinga. Mimi nakataa. Walikuwa na sababu. Lakini pia nakataa wanaosema kwa hiyo hifadhi ni uongo wa wazungu. Twende Mombasa hapo karibu. Baada ya hifadhi kuanza kulindwa kweli kweli mwanzoni mwa miaka ya 1990, samaki walirudi, na malema yaliyotegwa karibu na mpaka wake yalipata zaidi kuliko yaliyotegwa mbali. Twende Kisite, mbele ya Shimoni na Wasini, iliyotangazwa miaka ya 1970. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka wageni kupiga mbizi kule anajua tofauti ya mwamba ule na wetu. Ni Kwale hii hii, ni bahari ile ile, tofauti ni nani ameachwa aishi ndani yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi siku hizi. Sisi watu wa kontenti tumegundua nungu. Unaona vidio: kijana anaingia majini na nyundo au jiwe, anaponda nungu mmoja baada ya mwingine, muziki unapiga, maandishi yanasema anaokoa matumbawe. Watu wanapiga makofi. Nia ni njema. Lakini dawa hiyo imeshajaribiwa, tena kwenye miamba ya Kenya, na majibu yapo.

McClanahan, Muthiga na wenzao walipunguza nungu kwenye maeneo waliyoyapima, katika miamba inayovuliwa na katika hifadhi ya Mombasa, halafu wakafuatilia kilichotokea. Waliyachapisha 1996. Kwenye miamba inayovuliwa, nungu walipopungua, mwani ulilipuka. Hapakuwa na pono na tafi wa kutosha kuula, kwa hiyo mwani ukatawala na matumbawe yakazidiwa. Ndani ya hifadhi mambo yalikuwa tofauti: samaki walikuwepo, wao ndio waliofaidika na nafasi ile, na mwani haukupata kichwa. Kitendo kimoja, matokeo mawili. Tofauti ilikuwa ni samaki.

Ukitaka ushahidi wa nje, nenda Karibiani. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliua karibu nungu wote weusi wa miiba mirefu kwenye bahari ile. Kama nungu ni adui wa matumbawe siku zote, basi Jamaica ingesherehekea. Kilichotokea ni kinyume. Samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa kwa miaka mingi, nungu ndiye alikuwa amebaki akifagia. Alipokufa, mwani ukafunika matumbawe. Kule watu wanafuga nungu ili wawarudishe baharini, na sisi huku tunawaponda kwa nyundo. Wote tunahangaika na pengo lile lile lililoachwa na samaki.

Na ndio maana nilianza na yule mnyoo wa tangini. Mfugaji wa matumbawe wa ughaibuni, akishachoka na dawa na kukwangua, mara nyingi anafanya nini? Ananunua samaki. Ananunua samaki mdogo mwenye mistari sita anayewinda wadudu kwenye matumbawe, au kamba anayekula wale anemoni wa kahawia. Anajua kwamba dawa inapunguza, lakini mlinzi ndiye anayeweka mambo sawa kila siku. Huyo wa mistari sita anaishi pia kwenye bahari yetu ya Afrika Mashariki. Na Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wapiga mbizi wa pwani yetu hii ya kusini wamo kwenye biashara hiyo. Sisemi biashara hiyo ndiyo iliyomaliza kikande. Kikande tulimla na ugali na wali wa nazi. Ninachosema ni kwamba mtu wa mbali analipa pesa nzuri, na nauli ya ndege juu, ili apate kazi ambayo samaki wa Diani alikuwa anatufanyia bure.

Basi dawa ya Diani ni ipi? Ya kwanza, tuambiane ukweli kuhusu muda. McClanahan alipofuatilia kikande kwenye hifadhi zetu, katika utafiti wa mwaka 2000, alionyesha kwamba kurudi kwake kikamilifu, pamoja na kazi yake ya kula nungu, kunaweza kuchukua karibu miaka 30. Miaka 30! Hiyo haiingii kwenye vidio ya sekunde 30. Haiingii kwenye mradi wa miaka mitatu wala kwenye kipindi kimoja cha mheshimiwa. Kama hifadhi ya 1995 ingekubaliwa na ikasimamiwa, leo tungekuwa tumefika. Hiyo ndiyo bei ya kutoelewana kule, na tumeilipa wote, mvuvi, mwenye hoteli, na sisi tuliozaliwa baadaye bila kuulizwa.

Na katikati hapo joto lilipita. El Nino ya 1998 ilichemsha maji, matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa ikafa, ndani ya hifadhi na nje. Hilo halikuletwa na nungu wala na mvuvi wa Mwaepe. Lakini mwamba ukishapigwa na joto, unahitaji matumbawe machanga yashike upya, na machanga hayo yanahitaji jiwe lisilokwanguliwa na nungu wala kufunikwa na mwani. Mgonjwa aliyedhoofika hawezi kupona akiwa na funza mguuni. Joto litarudi tena, kila mtu anajua. Swali ni litukute na hali gani.

Ya pili, aliyekatazwa lazima awe amekaa kikaoni. Juya na bunduki ya kuvulia zilipigwa marufuku 2001, na bado juya linavutwa, kwa sababu amri ilifika kabla ya kazi mbadala. Kilichoonekana kufanya kazi ni pale wavuvi wenyewe wanapotenga sehemu yao. Kuruwitu, kule Kilifi, wanakijiji walifunga eneo lao kuanzia 2005, wakaliita tengefu, na neno hilo likaenea mpaka huku kwetu kusini, Wasini na Mkwiro. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo za 2007 ziliwapa wavuvi nafasi kisheria. Ukitazama vizuri, tengefu si jambo geni. Ni lile lile la wazee wa Mvuleni na Mwanyaza, ila sasa lina muhuri.

Ya tatu ni ndogo na inatuhusu sisi moja kwa moja. Kikande akiingia kwenye lema, arudishwe majini akiwa hai. Si samaki wa bei ya juu, si changu, si tafi. Bei yake sokoni ni ndogo, thamani yake mwambani ni kubwa. Mvuvi mmoja akifanya hivyo ni wema, bandari nzima ikikubaliana ni matibabu. Na sisi wenye simu na wafuasi, badala ya kurekodi nyundo, turekodi wazee. Wapo watu Diani na Kinondo waliovua kabla ya 1970, wanaokumbuka ni samaki gani alikuwa anaingia lema gani, na mwezi gani. Khamala aliacha hesabu moja, na kwa hesabu hiyo tumejua tulikotoka. Wazee wale wana hesabu nyingi vichwani ambazo hakuna aliyeziandika, na kila mwaka tunazika baadhi yake.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alileta nungu Diani, jibu langu ni kwamba hakuletwa. Alifunguliwa mlango. Ulifunguliwa na njaa, na soko, na ardhi iliyochukuliwa, na amri zilizoandikwa bila wenyewe, na lema zetu pia. Ukimponda nungu mmoja leo, mlango bado uko wazi, na kesho kuna mwingine kwenye shimo lile lile.

Wewe wa Mwaepe, wa Gazi, wa Msambweni, ulizia nyumbani leo: kikande wa mwisho mkubwa kuonekana bandarini kwenu ilikuwa lini? Andika tarehe, andika na jina la mwamba. Tukiwa na mia moja hizo, tutakuwa na kitu cha kuwapelekea wazee wa bandari na kaunti, tukae chini tuzungumze.